Mkimbiaji Asiyeitikia Salamu

Mimi nikikimbia sitaki mtu. Nalisema mapema ili tusije tukasumbuana mbele ya safari. Wapo wanaopenda kukimbia kundini, wakiimba na kupigiana makofi, na wapo wanaopenda kukimbilia ndani ya nyumba huku feni inawapepea. Wote hao nawaheshimu. Lakini mimi nataka mchanga, upepo, na nisisikie sauti ya binadamu hata moja. Ukiniona nakimbia, usinisemeshe. Ukinisemesha sitakujibu, na usiende kusema kwamba Zaida ana kiburi. Kiburi ninacho, ila si cha asubuhi.

Tatizo ni kwamba miaka ile ya gesi hapa Palma hapakuwa na mtu wa peke yake. Kila redio iliposema kisima kingine kimepatikana chini ya bahari, siku ya pili yake watu walishuka barabarani na mabegi. Wametoka Pemba ya huku bara, Nampula, Maputo, wengine wamevuka kutoka Mtwara. Wote wanatafuta kazi, na kabla ya kazi wanatafuta pa kulala. Nyumba aliyotuachia marehemu baba ina vyumba vinne. Kimoja nalala mimi na binti zangu. Cha pili analala mama yangu, Bi Ancha, pamoja na watoto wa kaka yangu Cassamo, ambaye yeye mwenyewe yuko Mocímboa da Praia anapakia na kupakua mizigo bandarini. Cha tatu tulimpangisha Dércio, mtumishi wa serikali aliyeletwa kutoka Inhambane kufanya kazi kwenye administração, ofisi ya utawala wa wilaya. Cha nne, pamoja na baraza, kilikuwa cha jamaa waliokuja kwa siku mbili tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wa kwetu tungewapa majembe wangeyauza.

Na mimi ni mwalimu. Nikitoka kwenye nyumba hiyo naingia kwenye darasa la watoto wanaobanana hadi dirishani, kila mmoja ameinua kidole. Nikitoka darasani nakutana na wazazi wao. Kutwa nzima jina langu linaitwa. Ikafika mahali nikisikia tu "Zaida", au "professora", au "mama", shingo inakaza.

Ndipo Felismina, muuguzi wetu pale hospitali, akanipima presha akatikisa kichwa. Felismina ni mtu wa Mueda, Mmakonde, mkubwa wa umbo na mkubwa wa sauti. Ukimsikia anacheka huhitaji kumtafuta yuko wapi.

"Professora, mwili wako umelala," aliniambia. "Uamshe. Jumamosi njoo tukimbie."

Kundi la Felismina lilikuwa la watumishi: manesi, walimu, vijana wa serikali. Walikimbia kutoka hospitali hadi uwanja wa ndege na kurudi, yeye mbele na filimbi mdomoni. Aliimba, nao wakaitikia. Aliamini kabisa kwamba mtu akikimbia peke yake anachoka upesi, na kwamba watu wakiwa wengi miguu inasaidiana. Kwao, alisema, hata shambani watu hawaendi mmoja mmoja. Nilijaribu, nakuapieni. Lakini kila nilipokimbia, upande wa kulia kuna mtu ananiuliza kama kwetu kuna chumba, upande wa kushoto kuna mtu ananiuliza mwanawe atafaulu au hatafaulu. Mbele filimbi, nyuma habari za nani kapata kazi kambini kwa watu wa gesi na nani kakosa. Miguu haikuchoka. Yaliyochoka ni masikio.

Basi nikaamua kwenda peke yangu.

Nilitoka baada ya sala ya alfajiri, mwanga ndio kwanza unafunguka. Nilivaa suruali ya michezo na fulana, na juu ya suruali nikajifunga kanga kiunoni, nikaikaza, kwa sababu mtoto wa Bi Ancha hawezi kupita mbele ya msikiti na suruali tupu. Kichwani nikatia mtandio. Nikaanza kukimbia.

Nyumba ya pili kutoka kwetu ni ya Bi Atija. Alikuwa anafagia uwanja wake. Aliniona, akasimamisha ufagio.

"Kwema?" akaniuliza.

Hapa inabidi niwaeleze jambo wasomaji ambao si wa pwani yetu. Kwetu ukiulizwa "Kwema?" unajibu "Kwema", hata kama nyumba inawaka moto. Unajibu kwema kwanza, moto unausema baadaye. Ni mtu wa aina moja tu asiyejibu: yule aliyebeba habari ya msiba. Huyo hukimbia, kanga kaikaza kiunoni, mdomo kaufunga, wala hasalimii mtu, kwa sababu habari ya kifo haimwagwi njiani. Lazima iwafikie wenyewe kwanza. Ukimsalimia, anainua mkono tu, maana yake usiniulize.

Naijua mila hiyo kama ninavyolijua jina langu. Lakini asubuhi ile pumzi ilikuwa imenikatika tangu nyumba ya kwanza. Bi Atija alipouliza "Kwema?", nikafunga mdomo nisimeze upepo, nikainua mkono, nikapita.

Nyumba ya tatu, hivyo hivyo. Ya nne, hivyo hivyo. Nikashuka pwani.

Maji yalikuwa yametoka, mchanga umekuwa mgumu na mwepesi kukanyaga, kaa wadogo wanakimbilia mashimoni mwao nikikaribia. Mbali sana kulikuwa na meli moja ya watu wa gesi, taa zake bado zinawaka. Hapakuwa na mtu. Nilikimbia mpaka mwanzo wa mikoko, na katikati ya njia nikajikuta nacheka peke yangu, hovyo tu, bila kuchekeshwa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu nilipoachika. Hakuna aliyetaka kitu kwangu, nami sikutaka kitu kwa mtu.

Nikarudi kwa kutembea, mwili umelowa, moyo mweupe.

Nilipofika kwetu nikakuta uwanja umejaa wanawake. Mikeka imetandikwa. Bi Atija kajifunga kanga, kajitwika sinia la mchele, na wengine wanaingia. Ndani mama yangu analia. Si kulia kwa kawaida. Analia kilio kile cha kutoka tumboni, kilio cha msiba.

Niliingia mbio. Mama akanishika mabega.

"Sema!" akanipigia kelele. "Sema, mwanangu! Cassamo kapatwa na nini?"

"Cassamo?" nikasema. "Cassamo kapatwa na nini?"

"Wewe ndiye unayejua!"

Nikatazama watu wote wale, na mikeka, na mchele, nikaona kumbe Cassamo amekufa na mimi nilikuwa pwani nacheka. Nikaangua kilio nami. Walipoona nimelia wakajua ni kweli, na wale waliokuwa wanasubiri nje wakalia pia.

Aliyetuokoa ni Dércio. Alitoka chumbani na mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni.

"Mas quem morreu?" akauliza. "Nani kafa?"

"Cassamo," tukamjibu.

"Nani kasema?"

Watu wakatazamana. Bi Atija akamtazama mama. Mama akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Bi Atija.

"Zaida kapita mbio," Bi Atija alieleza, sauti imeanza kupungua. "Nikamuuliza kwema, hakuitikia. Tukajua kwa Bi Ancha kumetokea jambo. Tumekuja, tunamkuta Bi Ancha mzima, anakunywa chai. Sasa kama Bi Ancha mzima..."

Namna mama alivyoyamalizia maneno hayo kichwani mwake nilikuja kuielewa baadaye: Zaida amepigiwa simu, amekwenda kuwaita ndugu, na mtoto aliye mbali ni mmoja tu.

"Pigeni simu," akasema Dércio. "Ligem para ele. Rahisi tu."

Simu ya Cassamo iliita muda mrefu. Alipopokea, nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wanaoteremsha mizigo. Akasikia vilio vyetu.

"Nani kafa?" akauliza kwa hofu.

"Hakuna aliyekufa!" nikamjibu.

"Sasa mbona mnalia?"

Wanawake ndio waliomjibu, maana walianza kucheka mmoja mmoja mpaka mikeka ikatetemeka. Bi Atija alicheka mpaka akalala ubavu. Na kwa kuwa mchele wa rambirambi haurudishwi nyumbani, ni mkosi, tukaupika, tukala wali asubuhi ile kama watu wa harusi. Mji mzima ulipata habari kabla jua halijawa kali. Shuleni wenzangu waliniuliza mazishi saa ngapi.

Mama hakucheka. Wali hakuugusa.

Jioni, watu walipoondoka, akaniita. Alikuwa amekaa kitandani, macho bado mekundu.

"Baba yako alipofia njia ya Olumbi, lile gari lilipopinduka, hapakuwa na simu," akasema. "Kijana alikuja mbio alfajiri. Nilisikia miguu kabla sijamwona yeye. Nilikuwa nimelala, nikasema moyoni, miguu hiyo ipite, Mola, ipite. Haikupita. Mpaka leo nikisikia miguu inakimbia alfajiri, moyo unanitoka."

"Mama, nisamehe."

"Sina la kukusamehe, hukujua. Na wala sikukatazi. Wewe mtu mzima." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nakwambia tu ili ujue kwamba kila utakapotoka, mimi nitakuwa hapa nasubiri ipite."

Angenikataza ningegombana naye, na kugombana nakuweza. Lakini hilo la kutokatazwa lilinifunga miguu kuliko kamba.

Nilitafuta njia ya katikati. Nikajiambia, kama kosa ni kutoitikia, basi nitaitikia. Siku iliyofuata nikapita nyumba kwa nyumba nikipiga kelele mwenyewe kabla sijaulizwa: "Kwema! Kwema jamani! Kwema!" Lakini salamu ya kwetu si ya neno moja. Ukisema kwema unaulizwa mama, ukisema mama mzima unaulizwa watoto, na ukifika kwenye watoto umeshasimama umeshika kiuno. Bi Atija alinipa hadi mihogo nimpelekee mama. Nikarudi nyumbani na mihogo kichwani bila kuuona mchanga.

Dércio akanionea huruma. Yeye alikuwa na mashine ya kukimbilia, wenyewe wanaiita passadeira, aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyemaliza mkataba wake kambini. Kila jioni tulimsikia chumbani anapiga miguu, pwa, pwa, pwa, na muziki masikioni. Kukimbia nje hakutaka hata kukusikia.

"Nje kuna mbwa, professora," alinihesabia. "Kuna mchanga kwenye viatu. Kuna jua. Na kila kona kuna mtu ananiambia, chefe, nitafutie kazi. Ndani nafunga mlango, nachagua mwendo, naona nimekimbia kiasi gani. Sossego total, utulivu mtupu. Kwa nini uende mbali wakati unaweza kukimbia papo hapo?"

Kuingia chumbani kwa mpangaji mwanamume haikuwezekana, naye ni mtu wa adabu, analijua hilo. Basi yeye na vijana wa barazani wakaibeba ile mashine, wakaiweka ukumbi wa nyuma, karibu na jiko. Mama alifurahi sana. Alikuja akaigusa, akautazama ukanda wake unavyozunguka, akasema hii sasa ndiyo mbio ya heri. Miguu isiyokwenda popote haipeleki habari popote. Akaleta kigoda chake, akakaa pembeni kuniangalia.

Nikapanda. Nikakimbia. Mbele yangu ukuta, na kwenye ukuta sufuria zimetundikwa. Nilizikimbilia sufuria zile na hazikusogea.

Siku ya kwanza watoto walikuja kushangilia. Siku ya pili waliniuliza kalamu iko wapi. Jamaa wa barazani akaniuliza kama kuna sabuni. Mama akauliza chumvi nimeiweka wapi. Nikiwa pwani mtu hawezi kunipata, lakini juu ya mashine nilikuwa kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti: anayetaka chochote anajua pa kunikuta. Umeme nao wa Palma ulikuwa na tabia zake. Ulikatika nikiwa katikati ya mwendo, ukanda ukasimama ghafla, kifua changu kikaendelea na safari mpaka kwenye vyuma.

"Umeumia?" mama akauliza. "Pole. Basi ukiwa umesimama hapo, nipakulie wali huo."

Siku zikaenda, nami nikaharibika. Sioni neno jingine. Binti yangu mkubwa alivunja kikombe nikamsema kama kavunja mkono wa mtu. Darasani niliipiga chaki ubaoni ikakatika vipande, watoto wakanyamaza, na kimya chao cha woga kikanifedhehesha. Dércio nilimwambia tai yake inafanana na ulimi wa ng'ombe. Aliivua tu akaitia mfukoni, maskini, na mashine ni yake. Usiku nililala nimeuma meno. Nilikuwa najiona nageuka kuwa mwanamke ambaye watoto wake watamkumbuka kwa makelele.

Asubuhi moja nilikuwa juu ya mashine. Mama akaniuliza mchana tupike samaki au kunde. Nikasema chochote. Mtoto wa Cassamo akanivuta kanga. Mama akauliza tena, samaki au kunde. Kule barazani mtu akaita, "Zaida!" Mama akauliza mara ya tatu.

Niliruka chini.

"Niacheni!" nikapiga kelele. "Jamani, niacheni!"

Sijawahi kumpandishia mama yangu sauti, tangu nizaliwe. Ukanda ule uliendelea kuzunguka peke yake. Watoto wakanitazama kana kwamba hawanijui.

Mama aliwaambia watoto watoke wakacheze. Akasubiri mpaka wametoka wote. Kisha akasema, taratibu:

"Zima hicho kitu. Kaa."

Nikakizima. Nikakaa sakafuni, karibu na miguu yake.

"Kule pwani," akaniuliza, "kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Kuna mtu?"

Nikajua anauliza nini. "Hakuna mtu, mama. Hiyo ndiyo sababu naenda."

Mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua ncha ya kanga.

"Yaani unatoka ili usituone."

Ningeweza kumwambia ni presha. Ningeweza kumwambia muuguzi kaniagiza, na isingekuwa uongo. Lakini alikuwa ameniuliza kwa unyofu, na mimi nilikuwa nimechoka hata kutunga maneno.

"Ndiyo, mama," nikasema, na machozi yakaanza. "Nawapenda wote. Wewe nakupenda kuliko roho yangu. Lakini nachoka nanyi. Kuna siku nafunga darasa nakaa pale kwenye ngazi za shule, sitaki kurudi nyumbani. Nikienda pwani kidogo, nikirudi naweza. Nisipokwenda, siwezi. Unaona mwenyewe nilivyo."

Nilingoja anilaumu. Mwanamke anayesema amechoka na watu wake, kwetu, hana jina zuri. Mama alitazama nje, kwenye mnazi.

"Mlipokuwa wadogo," akasema, "hapa nyuma palikuwa na kisima. Unakikumbuka?"

"Nakikumbuka."

"Maji yake mazuri. Na mimi kila asubuhi nilikuwa nakwenda kuteka kile kisima cha mbali, kule chini kwenye miti ya mikanju. Ndoo kichwani, kwenda na kurudi. Baba yako alidhani maji ya kule ni matamu zaidi. Akawa anajisifu kwa watu, mke wangu hanipi maji ya hivi hivi."

Nikamtazama. Uso wake haukubadilika.

"Yalikuwa matamu kweli?" nikauliza.

"Yalikuwa na chumvi," akasema mama.

Tulicheka wawili, yeye bila sauti, mabega yanamtikisika. Kisha akanifuta uso kwa kiganja chake.

"Mtu aliyejitwika kuni akiona kivuli hutua," akasema. "Hajazitupa. Akipumzika atajitwika tena. Inuka ukaoge. Alasiri tuna safari."

Alasiri akavaa buibui lake la kutokea, akachukua fimbo, akaniambia nifuatane naye. Akaanza kwa Bi Atija. Hakukubali hata kukaa. Alisimama uwanjani akasema kwa sauti ya mtu anayetoa tangazo:

"Atija, Zaida atakuwa anapita mbio asubuhi. Usimuulize kwema, hataitikia. Hajafa mtu. Anakwenda kututua kidogo, akipumzika atarudi kutubeba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mambo niliyomwambia mama yangu sakafuni, na machozi, sasa yanatangazwa mtaani kama mbiu ya chanjo. Bi Atija akanitazama juu mpaka chini.

"Na siku akifa mtu kweli," akauliza, "tutajuaje, Bi Ancha?"

"Simu zimejaa mji mzima. Na zisiposhika, nitakuja mimi mwenyewe, kwa kutembea. Wewe ukiniona natembea polepole, ndipo ulie."

Tulizunguka hivyo nyumba kwa nyumba mpaka ya mwisho kabla ya pwani. Kila mahali maneno ni yale yale: kututua kidogo, atarudi kutubeba. Wengine walicheka. Mmoja, mwenye watoto mapacha, hakucheka. Alinitazama kwa wivu waziwazi. Njiani tukakutana na Felismina anatoka zamu, naye akasimuliwa.

"Peke yako, professora? Utachoka!" akasema kwa ile sauti yake. "Jumamosi rudi kwetu."

"Inshallah," nikamjibu. Felismina ni Mkristo, lakini ameishi Palma vya kutosha, inshallah yetu anaijua. Akacheka akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata nikafunga kanga yangu kiunoni, nikatia mtandio, nikatoka. Mlango wa mama ulikuwa umeegeshwa. Sikusikia kitu ndani.

Bi Atija alikuwa anafagia. Aliniona, akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Akainamisha uso, akafagia kwa nguvu pale pale palipokwisha kuwa safi. Nilimpita. Nilipokuwa nimeshafika mbali kidogo nikasikia nyuma yangu:

"Zaida! Usinijibu! Na wa kwangu watue huko huko!"

Sikujibu. Nyumba ya tatu, kimya. Ya nne, kimya. Yule mama wa mapacha alikuwa mlangoni, mtoto huku na mtoto huku, akaninyooshea kidevu tu kuelekea pwani.

Mchanga ulikuwa vile vile mgumu, maji yako mbali, hakuna mtu. Kila kitu nilichokitaka kilikuwapo. Lakini nilipokaribia mikoko nikaanza kumwona mama yangu kitandani, macho wazi gizani, anasikiliza. Alikuwa ameniruhusu mbele ya mtaa mzima. Moyo wake yeye, je, umemruhusu? Nilisimama. Nikageuka kabla ya pale ninapogeukia siku zote, nikarudi kwa haraka, na nilipokaribia nyumbani nikaacha kukimbia, nikanyata, nisisikike.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, tasbihi mkononi. Watoto wa Cassamo walikuwa wameamka, wamesimama nyuma yake, na yule mdogo tayari ameshika kalamu isiyo na wino.

"Umesikia miguu nilipotoka?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

"Na moyo?"

"Ulitoka," akasema. "Nikauambia ni Zaida. Ukakaa kidogo, ukarudi."

Akanishika mkono, akanipapasa kwapani na shingoni, kama nilipokuwa mtoto na homa. Akaukunja uso.

"Mbona jasho halijatoka? Umefika wapi?"

Akanitazama, naye akaelewa.

"Umerudi kwa ajili yangu."

"Mama, nilifikiri..."

"Nenda," akasema, akanisukuma kwa ile mikono yake miembamba. "Nenda mpaka utosheke."

Nikageuka. Mtoto mdogo akaanza, "Shangazi, kalamu yang..." Nami nilikuwa sijafika hata kwa Bi Atija nilipomsikia mama yangu nyuma, sauti ya chini, anamwambia mtoto:

"Shh. Usimwite."